Muziki Upigwe, Masikio Yabaki

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatuongelei mitihani wala utoro. Tunataka tuongee juu ya spika, zile ambazo wengi wetu tuliotoka Rumonge tumezoea kuziita bafle. Harusi zimekuwa nyingi, na kila Jumamosi kuna mahali bafle zinapangwa moja juu ya nyingine, na watoto wanakaa chini yake kabisa kama vile wanaota moto.

Tuseme mapema ili pasiwe na maneno: hatukuja kukataza muziki. Sisi ni watu wa ziwani, na mtu aliyekulia kati ya Magara na Nyanza-Lac hawezi kutuambia kwamba sherehe inafanywa kimya kimya. Wakubwa mnakumbuka. Ndagala wanavuliwa gizani, wanafuata mwanga wa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa inakosa nguvu, basi mitumbwi inavutwa ufukweni na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Kwetu siku hizo za mbalamwezi ndizo zilikuwa siku za sherehe. Jenereta nyuma ya nyumba, bafle mbele ya nyumba, vumbi katikati. Nani alilala?

Na ziwa lenyewe linasaidia. Usiku hewa iliyo karibu na maji inakuwa ya baridi kuliko ile ya juu yake, na sauti inayopanda inapindwa na kurudishwa chini kwenye maji. Ndiyo maana mvuvi aliye mbali kabisa alikuwa anajua wimbo gani unapigwa mjini. Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini hawajawahi kusikia muziki ukiteleza juu ya maji namna hiyo, na tukiwasimulia wanaona tunawatania.

Kuna pia ngoma zetu. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ngoma zinapangwa nusu duara, idadi yake lazima iwe witiri, na ile ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni utawala pia, ndiyo ujue uzito wake. Sasa ukisimama karibu na ngoma kumi na tano za mti mzima, zinazopigwa na wanaume wenye nguvu zao, utasikia hadi kwenye mbavu. Lakini angalia jinsi inavyofanyika. Inapigwa uwanjani, penye hewa. Watazamaji wamesimama mbali kidogo kwa sababu wapigaji wanaruka na fimbo mkononi. Kisha mkono wa mtu unachoka. Mpigaji anapumua, anapaza sauti ya sifa, anaingia mwingine. Sikio nalo linapata nafasi ya kupumua.

Bafle haina mkono wa kuchoka. Maadamu kuna mafuta kwenye jenereta itapiga kutoka saa nane mchana hadi usiku, nguvu ile ile, na kila ukifika wimbo unaopendwa kijana wa mitambo anaongeza kidogo. Hapunguzi tena. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Tuliokaa karibu na bafle tunaona yeye hapasuki, ila ndani ya kichwa cha kila mmoja wetu kuna ngoma nyingine ndogo. Kiswahili chenyewe kimeshasema: ngozi ile nyembamba ndani ya sikio inaitwa kiwambo, jina lile lile la ngozi inayowambwa juu ya ngoma.

Na kiwambo bado kina bahati, kikitoboka mara nyingi kinapona. Shida kubwa iko ndani zaidi. Nyuma yake kuna kiungo kidogo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono, kimejaa maji, na ndani ya maji hayo kuna chembe zenye vinyweleo, kama elfu 15 kwa kila sikio. Sauti ikiingia maji yanatikisika, vinyweleo vinainama, na ubongo unapata habari. Fikirieni matete ya ufukweni. Mawimbi madogo yanayainamisha na yanainuka. Dhoruba inayalaza, asubuhi mengine yanainuka, mengine hayainuki. Lakini matete yakifa yanaota mengine. Chembe hizi kwa binadamu haziotI tena. Kuku na ndege wengine wanaweza kuziotesha upya, sisi hatuwezi. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo hizo hadi kaburini.

Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inasema mfanyakazi asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu. Hesabu hiyo tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita ubaoni, na walifurahi kwa sababu ni ya kugawa kwa mbili tu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa moja. 97, nusu saa. 100, dakika 15. Walipofika 103 wakapata dakika saba na nusu, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa harusi inakaa saa ngapi?"

Swali lake tulilipeleka harusini. Mwenzetu mmoja ana simu yenye programu ya kupima sauti. Simu si chombo cha maabara, lakini inatoa picha. Mbele ya bafle, hatua tatu hivi, ilionyesha 103. Tukarudi nyuma hadi hatua sita, 97. Kwenye wapishi, hatua kama ishirini na tano, ilikuwa 86, na tuliongea na akina mama bila kupiga kelele, na muziki ulisikika vizuri tu, hata maneno ya wimbo. Hiyo nayo ni kanuni: mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6. Maana yake yule mama kwenye sufuria anaweza kushinda sherehe karibu yote bila kuvuka kipimo, na mtoto aliyeegemea bafle amekimaliza cha siku nzima kabla bibi harusi hajakaa kwenye kiti.

Mtu anajuaje amezidisha? Sikio linasema. Ukitoka pale unasikia mlio mwembamba, ngiiii, na watu wanaongea kama wako ndani ya pipa. Wale waliowahi kumeza kwinini kwa malaria wanaujua mlio huo, kwa sababu dawa ile nayo inagusa huko huko ndani. Wengi husema, "Kesho umeisha." Kweli mara nyingi unaisha baada ya siku moja au mbili. Matete yameinuka. Ila si yote, na mwaka ukipita, harusi baada ya harusi, siku moja mlio haukuondoki tena. Tunao watu wazima hapa ambao mlio huo wanalala nao na kuamka nao, na hakuna dawa ya kuuzima kabisa.

Jambo lingine ambalo sisi walimu tunaliona kuliko wazazi: uziwi huu hauji kama mlango unaofungwa. Unaanza kula sauti nyembamba za juu, zile za s, f, sh na t. Mtu anasikia kwamba unaongea, hasikii unasema nini. Anakwambia, "Ongea vizuri, usimung'unye." Kwenye imla kuna kijana wetu mmoja tukisema "shika" anaandika "fika". Tukisema "tisa" anaandika "sita". Wenzake walimcheka, eti hajui kuhesabu. Anajua sana, na hesabu za ubaoni anawashinda. Tumemketisha mbele, upande wa dirisha mbali na kelele za nje, na tunamwangalia usoni tukisema naye.

Hatusemi muziki ndio uliomfanya hivyo. Kwa watoto wa hapa sababu kubwa tunayoikuta ni sikio linalotoa usaha, ambalo mzazi anadhani litapona lenyewe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati, asiwekewe mafuta wala majani. Tunachosema ni kwamba mtoto ambaye ameshapoteza kidogo kwa ugonjwa hana cha kupoteza tena kwa bafle.

Na mahali kama hapa kusikia ni chakula. Majina yanaitwa kwa kipaza sauti. Siku ya mgao yanaitwa, siku ya mahojiano yanaitwa, orodha ya wanaorudi nyumbani inasomwa. Yupo mzee mmoja wa Minago, fundi wa nyavu, aliyeendesha mtumbwi wa mota miaka mingi akiwa amekaa ubavuni mwa mashine usiku kucha. Haisikii tena sauti ya kipaza. Anasimama kwenye foleni na mjukuu wake wa miaka tisa, na jina likisomwa mjukuu anamgusa bega mara mbili. Siku mjukuu akiugua, mzee haendi. Mwaka 2015, wengi wetu tulipobanana pale Kagunga tukisubiri kuvushwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kila mtu alikuwa ametega sikio. Mama aliyekuwa akitafuta mtoto wake kwenye umati ule hakuwa na kitu kingine cha kumtafutia ila sauti.

Watakaorudi ziwani watakuwa na kazi zile zile. Majini usiku chombo kingine unakisikia kabla ya kukiona, na upepo pia. Mwenye kazi kwenye mashine za kukamua mawese naye, injini ya dizeli inampigia kelele siku nzima kabla hajafikiria harusi.

Kuna sauti ambazo hatukupewa nafasi ya kuzikimbia. Mlio wa bunduki ukiwa karibu unapita desibeli 140, na mmoja tu unaweza kuharibu sikio papo hapo. Wapo kati yetu waliotoka nyumbani na jeraha hilo na hawajalisema popote, kwa sababu halionekani, na pia kwa sababu mbele ya yale mengine liliona haya kutajwa. Wao hasa tunawaomba wasisogee mbele.

Sasa tuje kwenye vizibo vya masikio. Vile vya sponji ni vidogo kama kipande cha kidole, vinavaliwa na watu wa viwandani na mafundi wa jenereta, na baadhi ya wanamuziki wakubwa hawapandi jukwaani bila vizibo vyao. Kikivaliwa vizuri kinapunguza desibeli 20 na zaidi. Kikivaliwa vibaya ni pambo tu. Nawa mikono kwanza. Kisokote kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kisha kiingize na ukishikilie kwa kidole hadi kivimbe chenyewe. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama unaongea ndani ya mtungi, kimekaa. Kikichafuka kitupe. Usimwazime mwenzako, na mwenye sikio linalouma au linalotoa usaha asikiweke kabisa.

Pamba kavu, ambayo wengi wanaitumia, inasaidia kidogo mno. Karatasi ya chooni ni hivyo hivyo, na tena inaweza kukatikia ndani. Tunajua vizibo hapa si kitu cha kukuta kila duka, ndiyo maana umbali tunauhesabu kuwa kizibo cha kwanza. Haununuliwi.

Vijana watatuambia muziki usiotikisa kifua si muziki. Tumejaribu wenyewe, na tunawaambia kifua kinatikisika vile vile. Kizibo cha sponji kinakata zaidi sauti nyembamba kuliko besi, kwa hiyo besi inaendelea kukupiga mbavuni bila shida. Kinachopotea ni ule ukali unaochoma. Wengine wanaona haya, eti utaonekana mzee. Haya ni juu yenu. Sisi tunaona anayesema "Nini? Nini?" akiwa na miaka thelathini anaonekana mzee zaidi.

Kwa watoto wachanga mambo ni mengine. Vizibo hivyo si vyao, vinaweza kumezwa. Mtoto wa mgongoni hana mikono ya kuziba masikio wala maneno ya kusema inatosha. Akina mama, tunawaheshimu na tunajua mnataka kucheza na wifi zenu, lakini mtoto anayelala fofofo mbele ya bafle hajazoea. Usingizi hauzibi sikio. Mkabidhini bibi au shangazi aliye kwa wapishi, mcheze, mrudi. Na kwaya zetu, pamoja na wale wa maulidi, mtusamehe lakini kuta za mabati na turubai dogo lenye vipaza sauti vinne ni sawa na kukaa ndani ya ngoma.

Duniani nako wamejifunza polepole. Mwaka 1976 kundi la The Who la Uingereza lilipiga muziki London, ukapimwa desibeli 126, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikauandika kuwa mkubwa kuliko wote. Baadaye Guinness wenyewe waliacha kuandika rekodi ya namna hiyo, wasije wakawatia watu moyo wa kujiharibu. Mpiga gitaa wa kundi hilo, Pete Townshend, ameeleza mara nyingi hadharani jinsi kusikia kwake kulivyoharibika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani usipite desibeli 100, sauti ipimwe, watu wapewe vizibo, na pawepo mahali pa utulivu pa kupumzisha masikio. Shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki. Tarehe 3 Machi kila mwaka ni siku ya kusikia duniani, na darasani kwetu tunaifanya kwa mchezo wa kunong'onezana kutoka dawati hadi dawati.

Hapa kambini hatuna ukumbi wala kipimo cha kweli. Tumezungumza na vijana wawili wanaokodisha mitambo, na hawakukasirika. Mmoja alikiri kwamba sikio lake la kushoto, lile linaloelekea bafle, simu halisikii tena vizuri, ndiyo maana anaipokea kulia. Wamekubali mambo matatu kwa majaribio. Bafle ziinuliwe juu ya meza au matofali zipite vichwa vya watoto. Kila baada ya saa moja muziki uzimwe dakika kumi, na mshereheshaji atumie nafasi hiyo kwa zawadi na hotuba, ambazo kwa kweli zilikuwa hazisikiki. Na mbele ya bafle pafungwe kamba, hatua kumi, asipite mtoto.

Jambo la kamba limeleta ubishi. Baba mmoja alisema watoto wataiona kama mchezo na wataikata. Inawezekana. Tutasimama hapo wenyewe kwa zamu, walimu wawili wawili, kuanzia harusi ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mzazi anayeweza kusimama nasi saa moja aandike jina lake kwa mwalimu wa zamu kabla ya Alhamisi. Fundi wa nyavu ametuahidi kamba, ametuomba tu tuirudishe kavu.